Somo la Kikundi: Nambari za Mfuko wa Mbolea na Hesabu ya Moli



Msimu wa kupanda ukikaribia hapa Uasin Gishu, pesa nyingi za vikundi vyetu huishia kwenye duka la mbolea. Mwekahazina anahesabu noti, mifuko inapakiwa, na kila mtu anarudi nyumbani na fungu lake. Ni wachache wanaosimama na kuuliza: hizi nambari zilizoandikwa kwenye mfuko, 18-46-0, 46-0-0, 23-23-0, zinasema nini? Na zimepatikana kwa njia gani?

Jibu limo katika daftari la kemia la mtoto wako wa sekondari. Somo lenyewe linaitwa moli, na katika mtaala wa 8-4-4 limefundishwa kidato cha tatu. Wanafunzi wengi huliogopa. Wanaona ni hesabu za ubaoni tu, zisizo na kazi nyumbani. Kumbe ni hesabu ya shamba lao wenyewe! Hebu basi tulisome pamoja, mzazi na mtoto. Leteni karatasi, kalamu, na simu iliyo na kalkuleta. Kama kuna mwanafunzi katika kikundi, yeye ndiye ashike chaki.

1. ATOMI NA UZITO WAKE

Kila kitu tunachokishika, udongo, maji, mahindi, hata sisi wenyewe, kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomi. Atomi za aina moja huitwa elementi. Kila elementi ina alama yake na uzito wake. Hizi hapa ndizo tutakazotumia leo:

Hidrojeni (H) – 1
Kaboni (C) – 12
Nitrojeni (N) – 14
Oksijeni (O) – 16
Magnesiamu (Mg) – 24
Fosforasi (P) – 31
Salfa (S) – 32
Potasiamu (K) – 39
Kalsiamu (Ca) – 40

Nambari hizi si gramu wala kilo. Ni ulinganisho. Zinatuambia kwamba atomi moja ya kaboni ni nzito mara 12 kuliko atomi ya hidrojeni, na ya kalsiamu mara 40. Huna haja ya kuzikariri zote. Mwanafunzi huzipata katika jedwali la elementi.

2. MOLI NI KAMA TREI YA MAYAI

Ukienda kununua mayai, huyataji moja moja. Unasema: nipe trei. Trei ni mayai 30, yawe ya kuku au ya bata. Idadi ni ile ile, ila trei ya mayai ya bata ni nzito zaidi.

Moli ni trei ya wanakemia. Atomi ni ndogo mno, haziwezi kuhesabiwa kwa vidole, kwa hiyo wameziweka katika fungu moja kubwa. Idadi ya chembe katika moli moja ni 602 ikifuatwa na sufuri 21. Idadi hiyo imepewa jina la Amedeo Avogadro, mwanasayansi wa Italia aliyeishi kati ya 1776 na 1856.

Uzuri wake ni huu: moli moja ya kitu chochote ina uzito wa gramu sawasawa na ile nambari ya jedwali. Moli moja ya kaboni ni gramu 12. Moli moja ya nitrojeni, ukihesabu atomi moja moja, ni gramu 14. Uzito huo wa moli moja ndio unaoitwa masi ya molari.

Na kwa kuwa tunalinganisha tu, unaweza kuweka kilo mahali pa gramu na hesabu isiharibike. Mkulima hafanyi kazi kwa gramu.

3. HATUA NNE ZA HESABU: MFANO WA UREA

Urea ni ile mbolea nyeupe ya kukuzia, tunayoiweka mahindi yakifika magotini. Kanuni yake ni CO(NH2)2. Msiogope. Nambari ndogo inayofuata alama husema kuna atomi ngapi. Nambari inayofuata mabano huzidisha vyote vilivyo ndani ya mabano.

Hatua ya kwanza: hesabu atomi. Kaboni 1, oksijeni 1, nitrojeni 2, hidrojeni 4 (mbili ndani ya mabano, mara mbili).

Hatua ya pili: zidisha kila moja kwa uzito wake.
Kaboni: 1 x 12 = 12
Oksijeni: 1 x 16 = 16
Nitrojeni: 2 x 14 = 28
Hidrojeni: 4 x 1 = 4

Hatua ya tatu: jumlisha. 12 + 16 + 28 + 4 = 60. Masi ya molari ya urea ni gramu 60.

Hatua ya nne: tafuta asilimia ya kile unachokitaka. Nitrojeni ni 28 kati ya 60. 28 gawanya kwa 60, zidisha kwa 100, unapata 46.7.

Sasa geuza mfuko wa urea usome: 46-0-0. Ile 46 haikutoka hewani! Imetoka katika hesabu uliyoifanya sasa hivi.

Nambari tatu za mfuko hufuata mpangilio mmoja siku zote: ya kwanza ni nitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potashi. Sufuri maana yake hicho hakimo.

4. KUTOKA ASILIMIA HADI MFUKONI

Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanajua kwamba bei ya mfuko haikuambii kitu mpaka ujue umepata nini ndani yake. Chukueni mifuko miwili ya kilo 50.

Urea: 46 kwa mia ya kilo 50 ni kilo 23 za nitrojeni.
CAN: mfuko ulioandikwa 26 kwa mia una kilo 13 za nitrojeni.

Tuseme, kwa mfano tu, urea inauzwa shilingi 3,450 na CAN shilingi 2,600. Ukitazama haraka utasema CAN ni rahisi. Lakini gawanya: 3,450 kwa 23 ni shilingi 150 kwa kila kilo ya nitrojeni. 2,600 kwa 13 ni shilingi 200. Mfuko wa bei ya chini ndio ulio ghali! Wekeni bei za duka lenu la mwaka huu mahali pa hizi, mfanye hesabu upya. Bei hubadilika, njia haibadiliki.

Usikimbilie urea kabla hujasikia upande wa pili. Urea ikiachwa juu ya udongo, hasa kukiwa na jua, sehemu yake hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Lazima ifunikwe kwa udongo wenye unyevu. Kama hutaifunika, ile faida uliyoihesabu imekwenda na upepo.

Na CAN ina nini kingine? Nitrojeni yake iko katika amonia nitrati, NH4NO3. Masi yake ni 14 + 4 + 14 + 48 = 80, na nitrojeni ni 28 kati ya 80, yaani 35 kwa mia. Lakini mfuko unasema 26. Ile tofauti ni jiwe la chokaa lililosagwa na kuchanganywa ndani. Ukipiga hesabu, mfuko wa kilo 50 una karibu kilo 37 za amonia nitrati na kilo 13 hivi za chokaa. Si wizi huo. Chokaa hiyo ina kazi yake, kama tutakavyoona.

5. SIRI YA ILE 46 YA DAP

DAP ndiyo mbolea ya kupandia inayojulikana sana kwetu. Mfuko unasema 18-46-0. Wengi wetu tunafikiri kilo 46 katika kila kilo 100 ni fosforasi. Sivyo.

Kwa desturi ya zamani ya biashara ya mbolea, fosforasi huandikwa kana kwamba imeungana na oksijeni, P2O5. Piga hesabu: fosforasi 2 x 31 = 62; oksijeni 5 x 16 = 80; jumla 142. Fosforasi yenyewe ni 62 kati ya 142, karibu 44 kwa mia. Kwa hiyo kilo 23 za "fosfeti" zilizo katika mfuko wa kilo 50 wa DAP ni kama kilo 10 tu za fosforasi halisi.

Hujaibiwa, maana kila kiwanda huandika hivyo hivyo. Lakini afisa wa kilimo akikwambia ekari yako inahitaji kilo kadhaa za fosforasi, muulize: ni P au ni P2O5? Ukikosea hapo, utaweka chini ya nusu ya kinachotakiwa, au zaidi ya mara mbili.

6. UDONGO MCHACHU: HASARA ISIYOONEKANA

Hapa ndipo somo linapotugusa sana. Sehemu nyingi za Uasin Gishu na nyanda za juu za magharibi zina udongo wenye asidi. Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati. Kushuka chini ya saba ni asidi. Kila hatua moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una asidi mara kumi kuliko wa pH 6. Mahindi hupenda pH kuanzia 5.5 hadi 7.

Udongo ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa ndani yake huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Fosforasi uliyoinunua kwa pesa nyingi hukamatwa na alumini na chuma, mmea usiipate. Majani ya mahindi machanga huwa na rangi ya zambarau. Mkulima anaongeza DAP, mwaka unaofuata anaongeza tena, na mavuno hayapandi.

Kwa nini? Amonia iliyo katika DAP hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa nitrati, na kila moli ya amonia ikigeuzwa hutoa moli mbili za asidi. Kanuni ya DAP ni (NH4)2HPO4. Masi yake: nitrojeni 28, hidrojeni 9, fosforasi 31, oksijeni 64, jumla 132. Ina amonia mbili, kwa hiyo hutoa asidi nne. Fosfeti yake yenyewe humeza moja. Zinabaki tatu.

Dawa ya asidi ni chokaa ya kilimo, CaCO3. Masi yake: 40 + 12 + 48 = 100. Moli moja ya chokaa huua moli mbili za asidi. Basi asidi tatu zinahitaji moli moja na nusu, yaani kilo 150 za chokaa kwa kila kilo 28 za nitrojeni iliyotoka katika DAP.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za nitrojeni. 9 gawanya kwa 28, mara 150: unapata kilo 48.

Someni tena jibu hilo. Kila mfuko wa DAP unaoingia shambani unaweza kudai karibu mfuko mzima wa chokaa! Hicho ni kiwango cha juu kabisa, pale mvua inaposomba nitrati yote. Mahindi yakiinyonya vizuri, mizizi hurudisha sehemu ya deni. Lakini ukipanda kwa DAP miaka 20 bila chokaa, deni ni lazima lijilimbikize. Sasa mnaelewa ile chokaa ndani ya CAN inafanya nini: inalipa sehemu ya deni mapema.

Chokaa huchimbwa hata hapa nchini, kwa mfano huko Koru, Kaunti ya Kisumu. Muuzeni maswali mwenye duka: ni ya kilimo au ya kujengea? Imesagwa laini? Ina CaCO3 kiasi gani kwa mia? Chokaa iliyochomwa, CaO, ina masi ya 56 tu, kwa hiyo kilo 56 zake hufanya kazi ya kilo 100 za ile ya kawaida. Lakini huunguza ngozi na macho. Isishikwe kwa mikono mitupu, wala isiachwe karibu na watoto.

Na msichanganye chokaa au jivu na mbolea ya amonia katika ndoo moja. Mkisikia harufu kali ikichoma pua, hiyo ni nitrojeni yenu inatoroka. Chokaa itangulie shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe vizuri na udongo.

7. MFANO WA KWETU: PAKITI YA CHEPKOILEL

Chepkoilel, barabara ya kwenda Ziwa, ilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1990 ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 ikapata hati yake na kuitwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Walimu wake wa elimu ya udongo, wakiwemo Profesa Robert Okalebo na Profesa Caleb Othieno, walifanya kazi kubwa juu ya udongo wenye asidi na uliokosa fosforasi katika magharibi ya Kenya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chepkoilel ilitoa pakiti iliyoitwa PREP-PAC, iliyokusudiwa mkulima mdogo mwenye sehemu iliyochoka shambani mwake. Ndani yake mlikuwa na kilo 2 za mawe ya fosfeti yaliyosagwa kutoka Minjingu, Tanzania, kilo 0.2 za urea, mbegu za jamii ya kunde, bakteria wa kusaidia mizizi yake, na chokaa kidogo. Ilitosha eneo la mita 5 kwa 5, mita za mraba 25.

Tuikague kwa hesabu yetu. Hekta moja ina maeneo 400 ya namna hiyo. Urea: 0.2 x 400 = kilo 80; mara 0.46 = karibu kilo 37 za nitrojeni. Minjingu: 2 x 400 = kilo 800. Mawe yale yana P2O5 kama 30 kwa mia, na tumeona P ni 44 kwa mia ya hiyo, basi fosforasi ni kama 13 kwa mia. Kilo 800 zinatoa kama kilo 104 kwa hekta. Si kipimo cha msimu mmoja hicho, ni cha kujaza ghala kwa misimu kadhaa.

Na kwa nini mawe? Kwa sababu mawe ya fosfeti huyeyuka polepole, na kinachoyayeyusha ni asidi ya udongo. Adui yetu akatiwa nira akalima! Angalia pia kwamba watafiti hawakukisia. Kila kijiko kilichoingia kwenye pakiti kilipimwa kwa hesabu kama hizi.

8. MAMBO AMBAYO HESABU HAIWEZI

Hesabu inakwambia kile mfuko unachopaswa kuwa nacho. Haiwezi kukuambia kama muuzaji ni mwaminifu. Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mbolea isiyofikia kiwango iliyowafikia wakulima. Kwa hiyo: nunueni pamoja kama kikundi, mahali panapojulikana. Angalieni mshono wa mfuko, alama ya ubora na tarehe. Dai risiti, katibu aiweke. Bakisheni gorogoro moja ya mbolea hiyo, ifungwe vizuri na iandikwe siku iliponunuliwa, ili kukiwa na shida muwe na ushahidi wa kupeleka maabara.

Tena, hesabu haijui shamba lako lilivyo sasa. Pima udongo kabla ya kununua chokaa. Chimba mahali 15 hadi 20 kwa kuzunguka shamba, kina cha sentimita 20. Ruka palipokuwa boma, kichuguu au palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, kausha kivulini. Ulizeni ofisi ya kilimo ya kaunti maabara iliyo karibu. Gharama ya kupima mkiichanga ni ndogo kuliko mfuko mmoja uliotupwa bure.

MAZOEZI

(a) Tafuta masi ya molari ya maji, H2O.
(b) Salfeti ya amonia ni (NH4)2SO4. Masi yake ni ngapi, na nitrojeni ni asilimia ngapi?
(c) Mfuko wa kilo 50 umeandikwa 23-23-0. Una kilo ngapi za nitrojeni, na kilo ngapi za fosforasi halisi?
(d) Dolomiti ni chokaa yenye magnesiamu, CaMg(CO3)2. Tafuta masi yake.

Majibu: (a) 18. (b) 132, 21.2 kwa mia. (c) Nitrojeni kilo 11.5, fosforasi karibu kilo 5. (d) 40 + 24 + 24 + 96 = 184.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika miaka mitano iliyopita, kikundi chetu kimenunua mifuko mingapi ya DAP, na mingapi ya chokaa? Katibu asome vitabu.
2. Kwa bei za mwaka huu, kilo moja ya nitrojeni ni shilingi ngapi katika kila mbolea iliyoko dukani?
3. Ni nani kati yetu aliyewahi kupima udongo wake? Kama hakuna, tuanze na shamba la nani, na kila mmoja achange ngapi?
4. Ni mwanafunzi gani kijijini anayeweza kutufundisha hesabu hii tena kabla ya kupanda?

Swali la nne msiliruke. Mtoto akisimama mbele ya wazee, apige hesabu ya mfuko, na wazee wanunue kwa kufuata jibu lake, hatauliza tena kemia ni ya nini. Na mwekahazina akienda dukani, aende na karatasi yenye hesabu mkononi, siyo noti peke yake.